Mistari ya Tupa kwenye Nusu Dola

Jumatatu iliyopita alikuja mwanamume mwenye koti la suti na viatu vya matope, akaniwekea dirishani sarafu tatu zilizofungwa kwa karatasi ya chooni, akaniuliza zina thamani ya milioni ngapi.

"Milioni?" nikamwambia. "Kwa hizi hupati hata chai."

"Lakini ni za kitambo, madam. Ziko na kichwa ya rais wa kwanza. Nimeona kwa simu kuna mzungu ananunua."

"Hata mimi ni wa kitambo, na hakuna mzungu amekuja kuninunua."

Aliondoka akinung'unika kwamba wanawake wa Nyeri hawana heshima. Na aende. Mimi kazi yangu ni kutengeneza saa. Kibao changu kimeandikwa saa, na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo nimezijutia mara elfu, sarafu za zamani. Tangu uvumi uingie kwenye simu za watu kwamba sarafu kuukuu ni utajiri, sipumui. Wananiletea senti zilizotobolewa kwa msumari, zilizokaa chooni, zilizofukiwa na nyanya ya mtu chini ya mgomba. Nikiwaambia ukweli, wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewaibia.

Ukweli wenyewe si mgumu. Sarafu huulizwa maswali mawili tu. La kwanza: mpo wangapi? La pili: una hali gani? Hilo la kwanza ni uhaba na la pili ni afya, na moja haliwezi kumjibia mwenzake. Kitu kinaweza kuwa cha pekee duniani kikawa kimesagika hadi hakuna anayekitaka. Kingine kinaweza kung'aa kama siku ya kuzaliwa, na ndugu zake ni wengi kuliko siafu. Umri hauulizwi kabisa. Ningekuwa na rangi ningeyaandika haya ukutani, lakini hakuna ambaye angesoma.

Mimi niliyajua kutoka kwenye kitabu kisicho na mwanzo. Mama yangu alipika miaka mingi katika ranchi moja upande wa Nanyuki, kwa bibi mmoja Mmarekani aliyekuwa mjane. Bibi huyo alipofunga nyumba kurudi kwao, aliwagawia wafanyakazi mablanketi, vyombo, na vitabu vya marehemu mumewe, ambavyo kila mtu alivitumia kwa kazi moja, kuwashia moto. Mama alileta nyumbani kimoja kinene kama tofali. Siku niliyokipata jikoni, kurasa kama thelathini za mwanzo zilikuwa zimeshachemsha githeri. Nilikinyakua, tukagombana, nikashinda.

Kilikuwa kitabu cha nusu dola za mwanzo kabisa za Amerika, zile za fedha, kuanzia miaka ya 1790. Picha juu ya picha, na maelezo ambayo mwanzoni niliona ni wazimu. Zamani zile muhuri wa chuma wa kupigia chapa ulichongwa kwa mkono, na ulipopasuka ulichongwa mwingine, kwa hiyo hakuna mihuri miwili iliyofanana. Mwanamke wa sarafu hii ana nyota iliyomgusa nywele, wa ile hana. Hapa ufa umepita kwenye tarakimu ya mwaka, pale umeishia shingoni. Kila tofauti ni aina yake, na kila aina ina daraja ya uhaba, toka moja ambayo ni ya kumwaga, hadi nane ambayo sarafu zake zimebaki mbili au tatu ulimwenguni. Hali nayo inahesabiwa toka moja hadi sabini.

Nilikisoma kitabu hicho zaidi ya miaka thelathini. Mchana wa mvua nilifunga dirisha, nikakisoma. Nilizijua aina zile kuliko ninavyowajua binamu zangu. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kushika hata moja. Ningeipata wapi? Majirani zangu wa Ruring'u walinicheka, wakaniita profesa wa pesa ya watu. Sikuwajibu, au niliwajibu vibaya, inategemea siku.

Sasa nimseme ndugu yangu, maana bila yeye haya yasingetokea.

Baba alipofariki, mimi nilikuwa nimesharudi kutoka kwenye ndoa ambayo haikufaa, na nilikuwa nalima kipande kidogo cha chai nyumbani huku nikija mjini kufanya kazi ya saa. Ndugu yangu, ambaye ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, aliwaita wazee wa ukoo na mpimaji wa ardhi wiki ambayo mimi nilikuwa nimelazwa hospitalini. Nilipotoka, mawe ya mpaka yalikuwa yameshafukiwa na kipande changu kimo ndani ya chake. Wakaniambia binti aliyeolewa ana kwao kwingine. Nikawaambia sheria inasema vinginevyo. Mzee mmoja akanijibu kwamba sheria ni ya Nairobi na mawe ni ya hapa.

Toka siku hiyo sikumsemesha ndugu yangu. Miaka minne. Jumapili nilikuwa naenda kumwona mama, ambaye anaishi kwenye uwanja huo huo mmoja na yeye, na tulikula meza moja bila kusemezana. Mama alikuwa daraja letu. Anavuta sufuria la mukimo katikati, nami nasema, "Mami, mwambie huyo mtu wako apitishe chumvi." Naye anasema, "Mami, mwambie huyo mgeni wako chumvi iko hapo mbele ya macho yake." Mama anasema, "Mmesikizana," na kuendelea kula. Yeye mama mwenyewe ananiita maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mamake. Na kila aliponiita hivyo mbele ya ndugu yangu, nilifurahi kwa njia isiyo ya Kikristo.

Jumapili moja, baada ya kula, mama aliingia chumbani kwake akakaa kidogo, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia wa zamani. Ndani mlikuwa na vifungo, sindano, kitambulisho cha baba, na fundo la kitambaa cha khaki. Akalifungua fundo kwa meno.

"Maitu, wewe unajuanga hizi vitu," akaniambia. "Yule mama wa ranchi aliniachia hii siku ya kwenda. Akasema ilikuwa ya bwana yake, nisipoteze. Nilikuwa naficha baba yenu, angekunywa. Halafu nikasahau hata mimi. Angalia kama iko na maana."

Akaiweka juu ya meza, karibu na bakuli la kabichi.

Sikuhitaji ile lenzi yangu ya saa, inayokaa mfukoni siku zote. Niliitoa tu ili nipate pa kuuficha uso wangu. Mwanamke mwenye nywele zilizoachwa zikapeperuka nyuma, hazijafungwa, na juu yake neno la Kiingereza la uhuru. Nyota nane kushoto, saba kulia. Mwaka 1795. Nikaigeuza. Tai wao wa kwanza yule, mwembamba kama kuku wa kienyeji wakati wa kiangazi, amesimama ndani ya shada la majani. Nikahesabu majani chini ya bawa lake la kushoto. Kwa kawaida huwa mawili. Yalikuwa matatu. Nikahesabu bawa la kulia. Matatu. Nikahesabu tena nikianzia upande mwingine, kama mtu asiyejua kuhesabu.

Majani matatu. Ile aina ambayo kwenye kitabu changu nilikuwa nimeikunja ukurasa hadi kona ikakatika. Na hali yake! Fedha imezeeka vizuri ikawa na rangi ya kijivu yenye samawati pembeni, nywele za yule mwanamke zinahesabika uzi kwa uzi. Ilikuwa imelala ndani ya khaki ile muda wote ambao mimi nilikuwa nakodolea macho picha yake, mita ishirini kutoka jikoni nilikookoa kitabu.

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Katikati ya nywele, kuelekea shavuni, ilipita mistari kama saba hivi, sambamba, iliyonyooka. Mtu asiyejua angesema ni mikwaruzo. Mimi nilijua ni nini, na kuijua kulinipa furaha ambayo sijui niielezeje. Zamani zile kila kipande cha fedha kilipimwa kwenye mizani kabla ya kupigwa chapa. Kikizidi uzito, mfanyakazi alikichukua akakipiga tupa kidogo, akapima tena, na baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake. Halafu chapa ikapigwa juu. Mistari ile ilizaliwa na sarafu, ilitangulia hata uso wake. Ukitazama kwa lenzi unaona uzi wa nywele umepita juu ya mstari. Si jeraha. Ni alama kwamba mtu alihakikisha haki ya uzito.

Nikainua kichwa, nikakutana na macho ya ndugu yangu. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Mami," akasema, "muulize ni pesa ngapi. Kuna jamaa yangu wa Nanyuki anauziaga wale askari wa kigeni vinyago. Ananunuanga hata vitu kama hizi."

Hapo ndipo nilipokosea. Nataka niseme wazi kwamba sikuchanganyikiwa na sikusukumwa na shetani. Nilifikiri kwa haraka na kwa akili safi. Nikamwona akiichukua kwa vidole vyake vya mafuta, akiipeleka Nanyuki ndani ya mfuko wa suruali pamoja na funguo, akiibadilisha kwa bei ya pikipiki mbovu. Amechukua ardhi, atachukua na hii. Nikasema moyoni, safari hii hapana. Kama anadhani haina thamani, ataiacha ilale ndani ya mkebe, na siku nyingine nitamwambia mama peke yake.

"Mami, mwambie ni ya kawaida tu," nikasema. "Ingekuwa na bei, lakini imeharibika. Unaona hii mistari hapa usoni? Mtu aliikwaruza. Sarafu ikishakwaruzwa hivi imekufa. Kama si hii mikwaruzo, ingekuwa mambo mengine."

Hata nilimshikia mama lenzi jichoni ili aione vizuri. Akaitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama afanyavyo akisoma Biblia.

"Na mimi sikuwahi kuikwaruza," akasema. "Ilikuwa tu kwa kitambaa."

"Si wewe, mami. Ni kitambo."

Ndugu yangu akacheka puani, akarudia mukimo wake. Alisema mzungu ni mzungu tu, hata akikupa zawadi anakupa kibovu. Nami nikacheka pamoja naye, kitu ambacho hatukuwa tumefanya kwa miaka minne. Nilikwenda zangu Ruring'u jioni hiyo nikijiona mjanja. Nililala usingizi mtamu.

Jumapili mbili zilizofuata sikwenda. Nilikuwa na kazi ya saa ya ukutani ya kanisa, na pia nilikuwa naogopa uso wangu mwenyewe. Kila siku niliifikiria. Nilinunua kimfuko kidogo cha plastiki kigumu, kile kisichodhuru fedha, nikakiweka ndani ya droo. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mami, nilidanganya kwa ajili ya huyo mtoto wako. Hiyo kitu ni adimu, ifiche, usimwonyeshe mtu, na siku ukitaka kuiuza tutaiuza kwa watu wanaojua, ujenge nyumba ya mawe, usilale tena kwenye mbao zinazovuja. Maana hilo ndilo nililolitaka, wallahi kama wasemavyo wenzetu Waislamu wa Majengo. Nilitaka kuishika mara kadhaa, niitazame nishibe, halafu imjengee mama nyumba. Na ndugu yangu asiguse hata msumari.

Jumapili ya tatu nilimkuta mama kwenye kizingiti cha mlango, ameketi kwenye kigoda chake, amejifunga leso kichwani, anang'aa usoni. Vidole gumba na vya shahada vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Umeumia na nini, mami?"

"Wacha hiyo. Kaa hapa. Funga macho."

Nilifunga macho. Umri wangu huu, nimefunga macho kama mtoto wa chekechea. Akaniwekea kitu mkononi, chepesi, chenye joto la mkono wake.

"Fungua."

Ilikuwa nyeupe. Sijui niseme nini zaidi. Nyeupe kama kijiko kipya cha dukani. Yule mwanamke hakuwa na nywele tena. Alikuwa na umbo la kichwa, na mahali pa jicho kitone. Nyota za kushoto zilikuwa vinundu. Nikaigeuza, nikatafuta majani, na chini ya bawa palikuwa laini kama mbegu ya parachichi iliyolowa.

"Nimeitoa yote ile mikwaruzo," mama akasema. "Nilianza na lile jiwe la kunolea panga, na maji kidogo kidogo. Siku tatu. Halafu ndugu yako akaniletea msasa ile laini ya kupiga gari. Halafu jivu. Angalia na ile kioo yako. Hakuna hata mstari moja."

Akanigusa goti kwa vidole vyake vya vitambaa.

"Nilikuwa nimekuwekea wewe, maitu. Shamba sikuweza. Walikuja wanaume nikashindwa kusema. Nikasema basi nitakupa ile kitu ya ranchi, halafu ukasema imekufa, nikaona aibu. Mtu hawezi kupatia mtoto kitu imekufa. Sasa angalia. Bado iko na makosa?"

Nimekuwa mkali maisha yangu yote. Nimewatukana wateja, wazee wa ukoo, mhubiri mmoja, na mume. Pale kwenye kizingiti nilitafuta ukali wangu nikaukosa. Nilichukua lenzi, kwa sababu alitaka nichukue lenzi, nikaitazama sarafu ile ambayo sasa hakuna mtu duniani angeweza kusema ni ya aina gani. Niliitazama hadi lenzi ikaingia ukungu.

"Haina makosa, mami," nikasema.

Alipiga makofi mara moja kwa mikono yake iliyofungwa vitambaa.

Sikujua ndugu yangu alikuwa nyuma ya mlango. Alitokea ndani akiwa na kikombe cha chai, na sauti yake imeshapanda.

"Mami, umesikia? Amesema haina makosa. Si alisema ni makosa tu ilikuwa inaangusha bei? Muulize sasa ni ngapi."

"Hiyo ni yake," mama akasema. "Nimempatia."

"Yake kivipi? Hii ni mali ya hii boma. Nani anakuchemshia maji ya kuoga? Nani alinunua msasa? Yeye hajabeba hata kikapu moja ya chai toka baba afe, halafu anapewa kitu ya bei? Iuzwe, tugawane. Mami, mwambie."

"Mwambie aniachie kitu kimoja tu," nikasema. "Kimoja tu katika hii dunia."

"Mwambie achague, kama ni ya bei tugawe, kama si ya bei aseme."

Alinishika hapo, na hakujua amenishika. Kama ni ya bei, angeichukua, na kama si ya bei, ilibidi niseme mbele ya mama kwa nini si ya bei. Mama alikuwa anatutazama kwa zamu, na furaha ilikuwa inamtoka usoni polepole. Akasema kwa sauti ndogo kwamba basi iuzwe tu, tusigombane, yeye alitaka iwe zawadi lakini ikiwa ni vita, basi. Ndugu yangu akanyoosha mkono. Nikampa. Akaitia mfukoni, akasema kesho ana gunia za parachichi za kupeleka Nanyuki, ataipeleka palepale kwa yule jamaa yake. Akatoka.

Nilihesabu hatua zake hadi kwenye chai. Nikamwona tayari akirudi keshokutwa. Yule mtu wa Nanyuki si mjinga, angemwambia kwa lugha ya kuumiza, nani mpumbavu aliyesaga hii kitu? Na ndugu yangu angekuja kulipigia kelele neno hilo hapa, kwenye kizingiti hiki, juu ya kichwa cha mama. Nikamwambia mama nakwenda kujisaidia. Nikamkimbilia mtoto wake.

Nilimkuta kati ya mistari ya michai, kwenye kipande kilichokuwa changu.

"Simama," nikamwambia.

Akageuka. Nadhani alishtuka zaidi kwa kusemeshwa kuliko kama ningemrushia jiwe.

"Usiipeleke. Haina kitu sasa. Ilikuwa na bei kubwa, kubwa kuliko hii chai yote. Ile haikuwa mikwaruzo. Ni tupa ya wale walioitengeneza, ilikuwa hapo toka kwanza, haikuharibu chochote. Nilijua. Nilidanganya ili wewe usiichukue."

Alisimama. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, siku kwa siku, hadi kwa mama na jiwe la kunolea.

"Ati nini?"

"Umesikia."

"Kwa hivyo ulikuwa unataka kuninyima mimi," akasema polepole, "ukamnyima mami."

Aliitoa mfukoni akaitazama, akaisugua kwa kidole gumba, halafu akatema mate chini karibu na mguu wangu.

"Nyumba," akasema. "Si ingekuwa nyumba?"

"Ingekuwa."

"Wewe ni mtu mbaya sana. Mimi nilichukua shamba, sawa, kila mtu anajua nilichukua. Lakini sikujifanya nakupenda nikichukua. Na mimi ndio nilienda Karatina kununua msasa. Mara mbili. Ya kwanza alisema ni mbaya."

"Mtukane mtu mmoja tu, mimi," nikasema. "Yeye usimwambie. Nakuomba. Chukua chochote."

"Uko na nini ya kuchukuliwa?"

Akaondoka. Alisema kweli. Nilimwita, nikamwita kwa jina lake, hakugeuka. Wiki hiyo sikutengeneza saa yoyote. Mteja akinisemesha nilikuwa nasikia sauti ya ndugu yangu ikisema yale ambayo nilijua atasema, kwa sababu mimi ningekuwa yeye ningesema. Ningesema kwa raha, nikianza na chumvi ya mezani na kumalizia na wazee wa ukoo.

Jumapili nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi. Chakula kilikuwa mezani. Mama alikuwa ametoa vitambaa vidoleni, ngozi mpya ikiwa ya waridi. Ndugu yangu alikula ameinamisha kichwa. Hatukutazamana. Mama alingoja hadi tushibe, kama kawaida yake, ndipo akamgeukia.

"Hujaniambia mambo ya Nanyuki. Yule mtu alisema nini?"

Nilishika ukingo wa meza.

"Alisema hajawahi kuona safi kama hiyo," ndugu yangu akasema. "Aliita hata wenzake waone. Akauliza ni fundi gani. Lakini alisema tungoje, mami, bei bado itapanda. Tusiuze saa hii. Weka tu kwa mkebe."

Akaitoa mfukoni, imefungwa kwenye leso safi, akamwekea mbele yake. Mkono wake ulikuwa umetulia. Sikumsamehe shamba langu wakati ule na bado sijamsamehe, na yeye hajanisamehe. Tukikutana njiani hatusalimiani. Lakini nilimchukia zaidi kwa hilo alilolifanya, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Mama aliifungua ile leso, akaishika sarafu kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku.

"Kumbe hii mikono bado inaweza kazi," akasema.

"Inaweza, mami," ndugu yangu akamjibu.

Akanigeukia mimi, akingoja.

"Inaweza," nikasema.